Tangawizi Tamu ya Kabula

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu pale Kigongo, enzi za vivuko, kabla daraja halijatuzoesha kuvuka ziwa bila kulitazama. Maji na mbingu vilikuwa rangi moja, hata hujui kimoja kinaishia wapi. Kwaya yetu ya Misungwi ilikuwa inakwenda Busisi kuimba harusini, na dada yangu Kabula alikaa pembeni, kajifunga khanga shavuni.

Mwanangu, Kabula alikuwa na sauti. Akianzisha wimbo, hata watoto watundu walitulia. Bibi harusi alikuwa rafiki yake wa tangu utotoni, na zawadi aliyoiomba ni moja tu: Kabula amwimbie akiingia kanisani.

Sauti hiyo aliitunza kwa tangawizi. Ndiyo ilikuwa desturi ya kwaya yetu: tangawizi inapondwa, inachemshwa, inatiwa sukari guru mpaka inakuwa nzito, kisha chupa ya chai inazunguka mazoezini. Sisi wengine tulikunywa jioni tukamaliza. Yeye alikunywa kutwa, funda baada ya funda, akalala na utamu mdomoni. Mswaki aliusahau kabisa.

"Tangawizi imeshaosha," alikuwa akisema. "Hakuna kijidudu kinachopona humu."

Jino la nyuma likatoboka. Akatafuna kipande cha tangawizi, fizi zikafa ganzi, maumivu yakatulia, naye akadhani amepona, mpaka maumivu yakarudi. Shangazi aliyetulea, mtu asiyejua kubembeleza, akaionja ile chupa siku moja na kukunja uso.

"Kabula, tangawizi inawapiga hao wadudu, sikatai. Sasa hii sukari umemwekea nani? Unawafukuza huku umewapakulia ugali? Nenda hospitali."

"Nitakwenda hospitali, shangazi. Harusi ipite kwanza."

"Haya. Jino halijui habari za harusi."

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tulipofika Busisi shavu lilikuwa limevimba, mdomo haufunguki hata kupitisha kijiko. Mlangoni bibi harusi akasimama anangoja, kinanda kikapigwa, Kabula akajaribu, pakatoka mguno. Mwalimu wa kwaya akanisukuma mimi mbele.

Niliimba, mwanangu. Niliimba kama ndotoni, sauti yangu nyembamba ikipotea juu kwenye mabati, na nilipogeuka nikamwona dada yangu machozi yanamtiririka. Watu walidhani ni furaha. Bibi harusi alimtazama yeye mpaka mwisho wa wimbo, mimi hakunitazama. Moyo uliniuma, na mpaka leo nikiusikia wimbo ule huwa natoka nje.

Jino likang'olewa wiki ileile. Daktari wa meno hakuikebehi tangawizi. Alituambia vijidudu vya mdomoni hula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayotoboa jino. Tangawizi inaweza kuvipunguza nguvu, lakini shimo haizibi, na usaha haiutoi.

Jana umenionyesha kwenye simu kwamba wataalamu wakiweka tangawizi na vijidudu hivyo kwenye vichupa vyao, vijidudu vinadhoofika. Nimefurahi kusikia, maana wazee hawakutafuna mizizi bure. Ila mdomo si kichupa, mwanangu. Mdomo unakula keki, unakunywa soda, unalala.

Basi itafune tangawizi yako, inywe bila kuijaza sukari. Piga mswaki asubuhi, na usiku usilale bila mswaki. Jino likikugusa kidogo tu, nenda kwa daktari, usingoje sherehe yoyote ipite. Dawa inayotuliza maumivu isikudanganye kwamba ugonjwa umekwisha.

Mungu akupe meno ya kutafuna mahindi ya kuchoma hata kichwa kikijaa mvi. Na siku mtu unayempenda atakaposimama mlangoni akingoja sauti yako, mdomo wako ufunguke.