Nyumba Isiyotaka Tena Chokaa

Neno mentenansi nyumbani kwetu Tongoni lililetwa na kaka yangu. Alikuwa ameajiriwa kiwandani Tanga mjini, idara ya kutengeneza mitambo, na kila akija likizo anagongagonga kuta za mama kama daktari anayepima kifua. "Mama, nyumba hii inataka mentenansi."

Mama akamwuliza ndiyo nini hiyo. Akaeleza: ni kukitunza kitu kabla hakijaharibika, unakikagua, unakitia mafuta, unabadilisha kilicholika. Mama alicheka hadi akashika ubavu. "Ah, mwanangu! Kumbe ni kupaka chokaa. Sasa hilo nalo mpaka ukalisomee?"

Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, na lipu yake chokaa. Chokaa haikai. Masika yakipiga inashuka, na mgeni akiegemea ukuta anaondoka na mgongo mweupe. Kwa hiyo kila mwaka, ukiandama mwezi wa Mlisho, ule unaotangulia Ramadhani, mama alituma salamu nasi wanawe tukaja wote. Tunakuta matumbawe yamekwisha kuchomwa, chokaa imelowekwa shimoni. Tunapaka kwa makumbi ya nazi, vitambaa kichwani, huku tunatupiana maneno: huyu kaacha doa, yule mvivu tangu kuzaliwa. Mama hapaki. Amekaa barazani anasimamia. "Wee, pale juu! Au mpaka nije nikushike mkono?" Sikuwahi kumwona na furaha kama siku zile.

Na ilikuwa miaka ya dhiki. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, kanga mpya unaisikia kwa jina tu. Kiwandani kwa kaka mashine zililala kwa kukosa vipuri, yeye na mentenansi yake wakawa wanashinda kwenye bao. Saruji ilikuwa ya kibali. Tulikuwa na chokaa tu, na sote tuliiona ni umaskini.

Kisha biashara ikafunguliwa. Mitumba ikajaa, saruji ikajaa, mwenye pesa haulizwi kibali. Kiwanda nacho kikapunguza watu, kaka akiwamo. Wenzake walifungua vibanda kwa kiinua mgongo. Yeye alinunua saruji, akaipiga lipu nyumba nzima ya mama, ndani na nje, akamalizia kwa rangi. Siku ile alilia. "Mama, sasa umepumzika. Hii ni mentenansi ya mara moja. Hutasumbua mtu tena."

Hutasumbua mtu tena! Nikiyakumbuka maneno hayo hadi leo nachemka. Cha mara moja kina mentenansi gani? Lakini nani angemkatalia, naye katoa alichokuwa nacho chote? Mama akamwombea dua, na majirani wakaja kuupapasa ukuta kwa viganja wakisema mashallah.

Mlisho uliofuata salamu hazikuja. Mama angetuitia nini? Kaka alikuwa Dar es Salaam anahangaika. Mdogo wangu kaolewa Pemba, na nauli ya boti si mchezo. Mimi nina meza ya mitumba sokoni, na meza ukiiacha siku moja tu wateja wanahamia kwa jirani. Kutoka mjini hadi Tongoni si mbali, jamani, mtu anakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Hapo ndipo panaponiuma. Nilikuwa nikijiambia mama hana shida, nyumba yake sasa ni ngumu. Mwaka ukapita, na mwingine ukapita.

Siku moja jirani yake alikuja sokoni akaniambia, "Mama yako anasema lipu inabanduka, mje." Nikapandwa na hasira. Kwanza na kaka, nikidhani alichanganya mchanga mtupu. Pili kwa kupoteza siku ya mauzo. Nikaenda nimenuna.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja!" Akanishika uso kwa mikono miwili, hataki kuuachia. Mimi macho yangu yako ukutani. Kweli, upande wa uani lipu ilikuwa imetoka kipande kikubwa, udongo uko wazi. Nikachuchumaa niangalie. Lipu ya saruji haibanduki vile. Palikuwa na alama za kuchongwa, na hazikupita kimo cha mtu aliyekaa chini. Patasi ya marehemu baba ilikuwa papo hapo, imeegemezwa ukutani.

"Mama, nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Wewe? Mama, umepatwa na nini? Mwanao kamaliza kiinua mgongo chake chote kwenye ukuta huu!"

Hakuona haya hata kidogo. Akakung'uta vumbi kwenye kanga yake, akanitazama. "Nisingeibandua, ungekuja?"

"Ningekuja, mama."

"Haya, apa."

Sokoni naapa wallahi kutwa, nikiuza shati la mtumba lenye kola iliyolika. Pale nilifungua mdomo, na wallahi haikutoka. Mama akainuka polepole akaenda kuniwekea maji ya kuoga.