Ziwa la Saruji

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchanganya udongo na saruji. Nilikuwa na nusu mfuko uliobaki baada ya kukarabati choo cha parsele yetu, kiwanja tunachokaa, na niliona kwamba udongo mtupu ungepasuka kwa jua na kuyeyuka kwa mvua, na kazi yangu yote ingeharibika. Nilikuwa nasema hivyo, "kazi yangu". Ilikuwa masomo ya jiografia ya watoto wawili wa dada yangu, lakini tangu mwanzo mdomoni mwangu ilikuwa kazi yangu.

Dada yangu mkubwa aliniachia wale watoto baada ya ziwa kuingia kwao. Walikuwa wakikaa upande wa chini wa mji wetu, Uvira, kuelekea Kavimvira. Mto ukishuka kutoka milimani unabeba nyumba ndani ya saa moja, watu wanalia, kesho yake wanazika. Ziwa halikufanya hivyo. Lilichukua choo kwanza, wakaenda kujisaidia kwa jirani. Baadaye likachukua jiko, wakapikia mlangoni. Kila jioni watu wa upande ule walichomeka kijiti pale maji yalipofika, na asubuhi wakatazama kama kijiti kiko ndani ya maji au bado kiko nje. Kwa dada yangu kazi hiyo ilikuwa ya binti yake, aliyekuwa na miaka tisa. Alikuwa akiamka kabla ya wote, anatoka, anarudi na habari. Siku moja alirudi akasema kijiti hakionekani kabisa, na siku hiyo walianza kutoa vitanda.

Shule yao nayo ilikuwa upande huo huo wa chini. Samaki wadogo waliogelea kati ya madawati. Shule za upande wa juu zilikuwa zimejaa, na direkta wa ile ya karibu na kwangu alituambia tungoje mwaka mpya wa masomo. Wakati huo angewapima watoto, na wakiweza angewapokea darasa lao bila kuwarudisha nyuma. Dada yangu alikuwa akivuka mpaka kwenda Bujumbura kuuza mafuta ya mawese, na safari hiyo alijua angekawia. Aliniachia watoto, magodoro mawili na onyo.

"Miye nitarudi," alisema. "Nikiwakuta wanazurura tu barabarani, nawapeleka Bwegera, kwa mama yetu. Kule watafukuza ndege kwenye mpunga, lakini watakula."

"Watasoma, yaya," nikasema, kama tunavyomwita dada mkubwa.

"Na nani? Na weye?" Akacheka, si kwa ubaya. "Weye mwenyewe hukumaliza."

Ni kweli sikumaliza. Niliacha katikati ya sekondari, na yote ninayojua zaidi ya hapo nimeyaokota mwenyewe kwenye vitabu vilivyouzwa chini, sokoni, juu ya kipande cha turubai. Mtu aliyejifundisha hivyo ana hofu moja ambayo wenye diploma hawaijui: anangoja kila siku kugunduliwa. Hadi leo sitaki kutuma ujumbe wa simu bila kuusoma na kuusoma tena. Nikikosea neno la Kifaransa mbele ya watu, nalifikiria wiki nzima. Basi dada aliponiambia vile, niliapa moyoni kwamba watoto wake watafaulu ule mtihani wa direkta, na kwamba hakuna atakayepata kosa hata moja katika nilichowafundisha.

Nilichagua kuanza na jiografia kwa sababu nilikuwa na atlasi. Haikuwa na jalada, na ilichapishwa wakati nchi bado inaitwa Zaire, lakini mistari yake ilikuwa safi. Niliipenda kama watu wengine wanavyopenda picha ya harusi.

Mwanzoni tulifurahi, lazima niseme. Tulisimika mti katikati ya parsele tukafuata kivuli chake tangu asubuhi hadi tukapata mashariki na magharibi. Tulipanda korongo la mto Mulongwe kuokota mawe ya rangi tofauti, na mdogo wa yule msichana, mwenye miaka sita, alirudi na mawe mengi mfukoni hata suruali ikawa inashuka. Alikuwa anaishika kwa mkono mmoja na kutembea kama mzee, dada yake akimcheka njia nzima. Halafu nikawaambia tutatengeneza ziwa Tanganyika lote, kutoka Uvira hadi Zambia, pale nyuma ya nyumba.

Lilikuwa na urefu wa mtu aliyelala. Tulichimba, tukaleta udongo, tukainua milima pande mbili, ya Kongo huku na ya Burundi kule. Kaskazini tukachora mto Ruzizi kwa kidole. Mama jirani, ambaye hukaa mlangoni kwake akichambua sombe, majani ya muhogo, alitutazama muda mrefu.

"Mwalimu," akaita, "ile kaburi unamuchimbia nani?"

"Haiko kaburi, mama. Iko ziwa Tanganyika."

"Ati ziwa!" Akapiga makofi. "Lile la kule chini halijatutosha, weye unatuletea lingine mu parsele?"

Watoto walicheka hadi wakakaa chini. Mimi nilicheka nusu tu, kwa sababu nilikuwa nimeona kwamba pwani ya Burundi imepinda vibaya.

Mvua ya kwanza iliteremsha milima yetu yote ndani ya ziwa. Nilitoka nikakuta matope matupu. Watoto walikuwa wanapiga kelele za furaha, wamepiga magoti, tayari wanainua milima mingine, mirefu kuliko ile ya kwanza, na mvulana alikuwa anamweleza dada yake kwa nini Mulongwe unashuka na mawe. Alikuwa anaeleza sawasawa. Mimi sikusikiliza. Niliona tu kazi imeharibika, na ndipo nikaenda kuchukua ule mfuko wa saruji.

Niliwaambia wakae pembeni, saruji inachoma mikono. Nilijenga peke yangu siku mbili, atlasi ikiwa wazi juu ya bidoni la maji, nikipima kwa kamba. Waliruhusiwa kuleta maji. Kabla haijakauka kabisa, msichana alikuja na vipande vya njiti za kiberiti akavichomeka kwenye pwani ya Uvira, kimoja kimoja. Kisha akaweka kizibo cha chupa nyuma yake.

"Hii iko nini?" nikamuuliza.

"Kwetu."

"Na njiti?"

"Maji iko inapanda, mujomba. Kesho nitazisogeza."

Nikamfungulia atlasi. Nikamwonyesha kwamba pwani iko hapa, si pale, na kwamba kwenye ramani hakuna vijiti. Nikamwambia kwa kipimo chetu kile kizibo ni kikubwa kuliko mji wote wa Uvira. Nilisema yote hayo kwa sauti ya upole, na nilikuwa sahihi katika kila neno, isipokuwa kwamba atlasi ilichapishwa kabla ziwa halijakuja kwao. Nikang'oa njiti, nikasawazisha mashimo kwa mwiko. Kizibo nilimrudishia mkononi. Hakulia. Alikwenda kukaa kwenye kizingiti.

Siku chache baadaye, saruji ikiwa imekauka na tumejaza maji, nilimkuta mdogo wake amelala kifudifudi upande wa Kalemie, akichokonoa kwa msumari. Nilikuwa nimewafundisha kwamba ziwa lote hilo lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga pale Kalemie, na kwamba ni mwembamba.

"Unafanya nini?"

"Natoboa kubwa, mujomba. Maji itoke mingi, turudi kwetu."

Nikampiga mkono. Si kwa nguvu, lakini msumari ulianguka ndani ya maji. Nikamwambia ameharibu, na mchana huo huo nikaziba mikwaruzo yake. Nimejiuliza mara nyingi ningepoteza nini kama ningemletea nyundo. Nusu saa, labda. Tungetoboa, tungetazama maji yanakwenda wapi, tungezungumza juu ya watu wanaokaa upande wa pili wa tundu. Ilikuwa leson nzima, imelala kifudifudi mbele yangu na msumari mkononi.

Baada ya hapo hawakugusa tena. Mimi niliita hiyo nidhamu. Walikaa kwenye ukingo asubuhi, mikono magotini, nami nikaonyesha kwa fimbo, nao wakajibu. Ruzizi unatoka wapi? Ziwa Kivu. Unaingia wapi? Ziwa Tanganyika. Tambarare iko upande gani wa Uvira? Kaskazini. Walijibu bila kukosea. Nililala vizuri siku zile, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi ninapoandika haya: kwamba nililala vizuri.

Dada alirudi Jumapili, baada ya misa, na mkate mrefu wa Bujumbura chini ya kwapa. Nilikuwa nimefagia parsele na kubadilisha maji ya ziwa. Sikumpa hata nafasi ya kuvua viatu. Nilimpeleka nyuma ya nyumba, watoto wakafuata.

Alisimama akatazama. Niliona uso wake umeshangaa kweli.

"Weye ndiye umefanya hii?"

"Tumefanya."

"Iko nzuri. Walai, iko nzuri." Akachuchumaa, akamvuta binti yake karibu. "Haya, professeur, unionyeshe. Kwetu iko fasi gani?"

Msichana alinitazama mimi.

"Fasi gani? Si umesoma? Huku? Huku?"

"Umuulize mujomba," msichana akasema. "Ni yake."

"Namna gani ni yake? Hamukufanya pamoja?"

"Sisi tulileta maji."

Nikaingilia haraka. Nikasema anaona haya, nikamwuliza Ruzizi unatoka wapi, akajibu. Nikauliza unaingia wapi, akajibu. Nikauliza lingine na lingine, na kila jibu lilikuwa sahihi, na kila jibu lilitoka dogo kuliko lililotangulia. Mvulana alikuwa amejificha nyuma ya sketi ya mama yake na hakutaka kusogea karibu na maji. Dada akanikatiza.

"Mbona anaogopa? Ni maji ya beseni."

"Haogopi," nikasema.

"Mujomba atanipiga," mvulana akasema, kama mtu anayetoa habari tu.

Mama jirani aliacha kuchambua sombe. Dada yangu aliinuka taratibu, akapangusa kitenge chake.

"Sikuja kukugombeza," aliniambia baadaye, tukila. "Umewalisha, umewalaza, nakushukuru. Lakini hawa watoto walikuwa wanaongea hata usingizini. Sasa tangu nimefika nimesikia sauti ya nani? Yako."

"Watafaulu mtihani, yaya. Muulize chochote. Nipe hadi mwaka mpya wa masomo."

"Labda watafaulu. Lakini siwezi kukuachia tena mutoto mwenye anakuogopa."

Kesho yake walipanda gari la kwenda Bwegera. Nilifunga magodoro yao mwenyewe, na nilifungua na kufunga tena kwa sababu fundo la kwanza halikukaa vizuri. Dada aliniona, akageuza uso.

Mwaka mpya wa masomo ulipofika nilikwenda kwa direkta kumwomba asubiri. Alisubiri siku kadhaa, kisha nafasi mbili zikapewa watoto wengine. Watoto hawakuweza kuja: mama yetu alikuwa ameugua miguu, mpunga ulikuwa unakomaa, na ndege hawangoji mtu apone. Hata hivyo nilipanda gari mwenyewe kwenda kuwachukua, au angalau nilijiambia hivyo njiani. Niliwakuta shambani. Msichana alikuwa amesimama juu ya kichuguu, amekauka sauti kwa kupiga kelele, ana kopo lenye vijiwe ndani analolitikisa. Amerefuka. Mdogo wake alikuwa anarusha udongo kwa kombeo la kamba.

Nilisalimia, nikakaa kwenye tuta. Kisha nikafanya nilichozoea. Nikaonyesha upande wa mashariki, kwenye matete marefu, nikauliza kama wanajua ule ni mto gani.

"Ruzizi," msichana akasema. "Unatoka ziwa Kivu, unaingia ziwa Tanganyika." Alisema yote kwa pumzi moja, macho kwenye mpunga, kwa sauti ile ile ya parseleni kwangu. Kundi la ndege likashuka pembeni, naye akakimbia huko akitikisa kopo. Hakurudi pale nilipokaa hadi jua lilipokuwa linakwenda. Kwa mama hakuna aliyenikataza kuwachukua. Niliwauliza tu watoto kama wanataka kurudi Uvira nami. Mvulana alimtazama dada yake. Msichana akasema wamezoea huku.

Sikulazimisha. Nilirudi peke yangu, na garini mtu aliyekaa karibu nami aliniuliza kama nimefiwa.

Imekuwa hivyo tangu wakati ule. Msichana anasoma Bwegera, darasa moja nyuma ya wenzake, siku ambazo mpunga haumhitaji. Mdogo wake hajaanza tena. Jumamosi watoto wa mama jirani huja kwangu, tunachimba, tunamwaga maji, wanakosea, nami naweka mikono mgongoni na kungoja waulize. Baadhi ya siku siwezi, naingia ndani hadi wamalize. Dada yangu akipita Uvira hulala kwangu, tunakula pamoja, lakini watoto wake haji nao.