Beti la Tano la Hellen Warigia

Hellen Warigia huuza masweta ya mitumba karibu na soko kuu la Eldoret, na jioni hufundisha kwaya ya kanisa lao kule Langas. Noti za muziki hajui kuzisoma. Nyimbo humjia tu akiwa na shughuli nyingine, akifua, akipanga masweta, akingoja mtungi ujae maji, na kwa miaka kumi na sita amekuwa na njia moja ya kuzikamata. Anasukuma kioo cha simu yake juu, vitufe vinachomoza chini yake, anafungua kinasa sauti na kuimba.

Simu yenyewe ni kabambe, simu ndogo ya vitufe, nyeusi, ya kusukuma, ya mwaka elfu mbili na tisa. Namba zimefutika kwenye vitufe. Ukiichaji Jumapili inakufikisha Alhamisi. Redio iko, ila haishiki chochote mpaka uchomeke waya za masikioni, na kamera yake humpiga kila mtu picha kama amesimama ndani ya moshi. Meseji zikifika mia moja hakuna nyingine inayoingia mpaka ufute. WhatsApp haina, ndiyo maana habari zote za kwaya humfikia kupitia Vivian, mwalimu wa nasari anayeongoza sauti ya kwanza, ambaye humpigia na kumsomea kilichoandikwa kwenye kundi.

Na kinasa sauti hakizidi dakika moja. Sekunde ya sitini ikitimia kinakata, hata uwe katikati ya neno. Warigia alikwisha kuzoea. Alitunga beti za kutosha dakika moja, akarekodi kila beti peke yake, na waimbaji wake hawakuwahi kujua kwa nini nyimbo za mwalimu wao zina beti fupi zinazokwenda mbio.

Mwaka huu kulikuwa na mashindano makubwa mjini: kwaya kumi na mbili kutoka kila pembe ya Uasin Gishu, kila moja na wimbo mpya wa kujitungia. Warigia alitunga wimbo wa mvua iliyochelewa mpaka watu wakakata tamaa na mahindi yao, kisha ikaja. Beti nne kwaya ilikuwa imeshika vizuri. La tano, lile la mvua yenyewe kufika, lilikataa kuja kwa wiki tatu.

Lilimjia Jumapili mchana akifua. Lilikuja lote kwa mkupuo, na lilikuwa zuri mno hivi kwamba aliacha ndoo ikifurika akakimbilia simu na sabuni mikononi. Simu ikalia mlio wake mfupi wa kukataa, kwamba imejaa. Akafuta rekodi moja ya zamani, akaimba haraka kabla halijamtoka. Usiku alilala akitabasamu.

Jumatatu jioni, mbele ya waimbaji ishirini na wanane, alisukuma kioo juu na kioo kikabaki cheusi. Akafunga, akafungua. Vitufe viliwaka, kioo hakikuonyesha kitu. Akajaribu kuliimba beti kwa kichwa, akagundua kuwa halimo. Alikumbuka tu kwamba lilikuwa linapanda.

Mashindano yalikuwa Jumamosi.

Kesho yake alifunga kibanda mapema, akaenda na Vivian kwa Khisa, fundi wa simu mwenye meza ndogo kwenye varanda ya duka moja katikati ya mji. Khisa aliifungua simu, akaitazama kwa miwani yake ya kukuza, akaeleza kuwa kumekatika ule utepe mwembamba unaopeleka picha kwenye kioo na kujikunja kila simu inaposukumwa. Utepe wa aina hiyo haukuwa ukiuzwa tena. Waya wa kuunganisha na kompyuta ulikuwa na mdomo wake wa pekee, ambao hakuwa nao, na simu haikuwa na kadi ya kumbukumbu ya kuchomoa wala bluetooth. Rekodi zilikuwa salama ndani, akasema, lakini hakukuwa na mlango wa kuzitolea.

"Spika inafanya kazi?" Warigia akauliza.

"Spika iko sawa, mama. Na vitufe. Shida ni kuona tu."

Warigia akaipokea simu. Kidole gumba chake kilikuwa kimepita njia ile mara elfu. Akafumba macho, akabonyeza menyu, chini mara tatu, katikati. Mvumo wa redio ukalipuka kutoka kwenye spika, kwani Khisa alikuwa amechomeka waya za masikioni za Vivian kwa majaribio na redio ya simu ile ilikuwa imewekwa kutokea spikani, na wateja wa duka wakageuka. Akatoka, akachomoa waya, akaanza upya, safari hii akahisi amepotea katikati. Khisa akamshika mkono.

"Taratibu, mama. Ukigusa pa kufuta, imekwenda hiyo."

Akatulia, kidole kikiwa juu ya vitufe. Alihitaji alama, kitu cha kumwambia yuko wapi. Ndipo akakumbuka ule mlio. Rekodi aliyoifuta nafasi yake ilichukuliwa na ile mpya, kwa hiyo simu ilikuwa imejaa tena. Akiingia kwenye kinasa sauti na kujaribu kurekodi, itakataa kwa sauti, na hapo atajua mahali aliposimama kama mtu aliyegusa ukuta wa nyumba yake gizani.

Akaanza tena tangu mwanzo, akihesabu kwa midomo. Akabonyeza. Simu ikalia: mfupi, mkavu, wa kukataa.

Warigia akacheka kwa nguvu. Kutoka pale njia aliijua: rudi mara moja, chini mara moja, orodha, na rekodi mpya huwa ya kwanza. Vivian tayari alikuwa ameinua simu yake kuinasa sauti. Kidole kikashuka.

Kuku walisikika kwanza. Kisha maji yakimwagika kutoka kwenye ndoo, kisha sauti ya Warigia mwenyewe, nyembamba na yenye haraka, ikipanda ngazi kwa ngazi. Khisa aliweka bisibisi chini. Mwanamke aliyekuwa ananunua sukari dukani akatoka kusikiliza. Sauti ilipanda, ikafika ukingoni pa neno la mwisho, na dakika ikakata.

Lakini Warigia hakunyamaza. Alikuwa ameshaanza kuimba pamoja nayo, na spika ilipokufa yeye alipita moja kwa moja, juu zaidi, hadi mwisho wa beti, pale varandani, mikono ikipiga mapigo hewani.

"Imeingia?" akamwuliza Vivian.

"Imeingia yote, mwalimu. Na hiyo ya mwisho pia."

Walifanya mazoezi kila jioni wiki ile, hata wenye mafua walikuja. Jumamosi walipanda jukwaani wakiwa kwaya ya tisa kuimba. Kwenye beti la tano sauti za chini zilinguruma kama mawingu, Vivian akapanda juu yao, na kabla hawajamaliza ukumbi ulikuwa umesimama. Matokeo yaliposomwa, walikuwa wa pili. Warigia alishangilia kwa nguvu kuliko walioshinda, mpaka kilemba kikamwanguka.

Nje, kiongozi wa kwaya ya Moiben, bibi mmoja aitwaye Jepkosgei, alimjia akamwomba awafundishe wimbo ule, kwa kuwa kwao mvua ilichelewa kweli. Warigia hakungoja kupanga siku. Aliwaita watu wa Moiben pale pale uani, na sare zao za kijani, akawachanganya na wake wenye buluu, akainua mikono na kuanza na beti la kwanza.