Chupa Iliyorudi Nyumbani

Mume wangu ni fundi saa, na mtaa mzima humwita Fundi, hata mimi. Kazi hiyo imemfundisha kutoamini kitu mpaka akifungue. Ukimpa saa, hakuulizi ina tatizo gani. Anafungua kifuniko cha nyuma, anabana lenzi kwenye jicho la kulia, anachungulia, ananung'unika peke yake. Akimaliza kuitengeneza, kabla hajaifunga, anachukua sindano ya chuma na kukwaruza kinyota upande wa ndani wa kifuniko. Mafundi saa wengi wana alama zao za namna hiyo. Siku saa ikirudi, kinyota kinamwambia kwamba hii ilishapita mikononi mwake.

Ugonjwa wake mwingine ni vodka. Nasema ugonjwa, lakini Fundi si mlevi, na atakayemwita hivyo mbele yangu tutakosana siku hiyohiyo. Fundi alikuwa anakunywa Jumamosi mchana tu, kwenye kiglasi cha kushika kwa vidole viwili, na alikunywa ili apate kubishana. Mbishi mwenzake ni mdogo wangu wa kiume, dereva wa malori ya masafa marefu, mtu asiyekubali kushindwa hata na redio. Chupa zao zilikaa kwenye friza langu, zimebanana na nyama na maharage yangu niliyochemsha, mpaka zinaganda nje. Jumamosi wanazitoa, wanamimina, wananusa, wanafumba macho utadhani wanasali.

Majina ya kwenye lebo hawakuyatumia. Kulikuwa na waliyoiita Kimya, kwa kuwa haikuwa na ladha wala harufu, na kwao hiyo ilikuwa sifa kubwa. Nyingine waliiita Mkate, ilinukia ngano. Mdogo wangu alishabikia chupa moja fupi yenye lebo iliyofifia, ambayo aliipata kwenye bohari moja huko mpakani akipita na lori. Fundi aliipa jina la Maji ya Betri. Yeye kipenzi chake kilikuwa Bibi Harusi: chupa ndefu, nyeupe, kioo kizito, shingo nyembamba.

"Shemeji, wewe unapenda chupa, hupendi kilichomo," mdogo wangu alikuwa akimwambia.

"Na wewe umezoea kunyonya mafuta kwa mpira, ulimi wako umeshakufa."

Hivyo ndivyo mchana ulivyokwenda. Mimi nilikuwa napita nikiwachambua mmoja baada ya mwingine, na nilikuwa na furaha, nikiri tu.

Lakini kupata vodka ya kweli kwetu ni shughuli. Madukani zimejaa, zinang'aa, na nyingi zimechakachuliwa. Kuna watu kazi yao ni kukusanya chupa tupu kwenye mabaa na majalala, kuzijaza spiriti ya viwandani iliyozimuliwa na maji, kisha kuziziba vizuri kuliko zilivyozibwa mwanzo. Kwa hiyo Fundi alijiwekea utaratibu. Chupa ikishapita mtihani wa Jumamosi, aliifunga, akaigeuza, akakwaruza kinyota chake kwenye kitako, kama anavyofanya kwenye saa. Ikiisha, aliitia kwenye gunia na kuiponda kwa nyundo uani, ili asije mtu akaijaza uchafu. Nilimwambia majirani watadhani tunapigana. Alisema bora wadhani.

Hofu yake ilikuwa na sababu. Alikuwa na mteja mmoja, mwalimu, ambaye kwenye sherehe ya kumuaga alipostaafu alimiminiwa kinywaji kibaya, na kesho yake akawa haoni. Mwalimu bado huleta saa yake ya mkono. Hukaa kwenye kiti cha wateja, anaiweka sikioni na kuuliza, "Fundi, inatembea?" Fundi humjibu kwamba inatembea vizuri, na mwalimu akiondoka, yeye huanza kufuta meza isiyo na vumbi. Siku moja aliniambia hakuna kingine anachokiogopa duniani. "Macho yakienda," alisema, "hii mikono itakuwa ya kazi gani?" Nilimwambia aache kujitabiria mabaya.

Chupa moja tu ndiyo iliyokwepa nyundo. Jirani yetu mshonaji alikuja uani siku Fundi ameshika Bibi Harusi tupu na gunia tayari. Akaisifia sana, akasema chupa nzuri hivyo ni dhambi kuivunja, ampe aweke maji kwenye friji. Mtu akisifia Bibi Harusi ni kama amemsifia Fundi mwenyewe. Alimpa, tena akaisuuza kwanza kwa maji moto. Tukasahau.

Baadaye Bibi Harusi ikaadimika. Fundi aliitafuta kila duka, akarudi mikono mitupu, Jumamosi zikapita kwa Kimya na Maji ya Betri, na mdogo wangu akawa hakamatiki kwa majivuno. Kwa hiyo siku Fundi alipoikuta kwenye duka la kona, alirudi nyumbani anapiga mluzi. Kizibo kilikuwa kizima, karatasi ya juu haijaguswa. Aliikagua yote. Kitako hakukigeuza, maana kwake kitako siku zote ni cha mwisho, baada ya kuonja.

Jumamosi ile walikuwa wamezozana tangu wanaketi. Mdogo wangu akasusa. "Mimi sinywi manukato. Kunywa mwenyewe harusi yako." Akajimiminia ya kwake. Fundi naye, kwa kumkomoa, akanywa Bibi Harusi peke yake, na akaongeza kuliko kawaida yake.

"Leo ina kautamu," alisema, akilamba midomo. "Wameiboresha."

Neno hilo kautamu, mpaka leo nikilisikia kwa mtu yeyote nasisimka mwili.

Akaifunga chupa, akaigeuza mapajani, akachukua sindano. Mkono ukasimama. Nilidhani sindano imekatika. Akaniambia, kwa sauti ya chini ambayo si yake, "Bibie, niletee lenzi."

Nikamletea. Akachungulia kitako kwa muda mrefu.

"Kuna nini?" mdogo wangu aliuliza.

"Kuna nyota."

"Si umeichora sasa hivi? Umelewa, shemeji."

"Sijagusa. Nyota yangu ina ncha moja ndefu, hii hapa. Halafu imeshasagika. Hii chupa ilishawahi kuwa humu ndani."

Nilitoka mbio mpaka kwa jirani, nikamuuliza ile chupa ya maji iko wapi. Akaniambia, bila wasiwasi wowote, kwamba shingo ya chupa ilikuwa nyembamba mno kuiosha ndani, akawapa wale wanaopita kununua chupa tupu. Sikumgombeza. Nilishika ukuta wake nikarudi nao mpaka kwangu.

Nilisema twende hospitali. Mdogo wangu alisema twende hospitali. Fundi akakataa. "Niende nikawaambie nini? Naona. Naona hata huo mchicha kwenye jino lako." Nikamletea kikaratasi cha dawa chenye maandishi ya kuumiza macho, akakisoma mpaka jina la kiwanda. Mdogo wangu akanivuta jikoni.

"Dada, hii kitu inachelewa. Wenzangu wawili barabarani waliamka wazima kabisa, wakanywa chai wanacheka. Mchana ndiyo ikawashika."

Nikarudi nikambembeleza, nikamtukana, nikalia. Akabaki amekaa na saa ya mtu mkononi, ameifungua, anaichungulia tu bila kuitengeneza. Hapo nikaelewa kwamba hakuwa mbishi. Alikuwa anaogopa kwenda kuambiwa. Ningemfunga kamba nikamburura, lakini ni mtu mzima, na mimi nilitaka sana kuamini kikaratasi kile cha dawa.

Asubuhi jua lilikuwa limeshaingia mpaka kitandani, dirisha nimelifungua mwenyewe. Fundi akaketi, akajishika kichwa.

"Nani anachoma taka? Chumba kizima kimejaa moshi."

Hapakuwa na moshi. Nilijibu kwamba ni jirani, atauzima sasa hivi. Nikamvalisha shati huku vifungo vinanikimbia vidoleni, na mdogo wangu, aliyelala sebuleni kwetu, tayari alikuwa anawasha gari la kuazima.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye haraka na sauti ya upole. Alimmulika machoni, akamnusa pumzi, akatoa damu. Kisha akatutoa nje kidogo. Alisema tumechelewa, ila hatujachelewa kabisa. Mashine ya kusafisha damu iko hospitali kubwa, gari la wagonjwa limeitwa. Dawa ya kuizuia ile sumu hapo kwake ilikuwa imeisha.

"Kuna njia ya zamani," alisema. "Pombe kali halisi, kwa kipimo changu mimi. Inaushughulisha mwili, ile spiriti isigeuke sumu zaidi, mpaka tumfikishe. Spiriti yetu ya kusafishia vidonda hainyweki. Leteni vodka mnayoijua. Mkiniletea nyingine kama ile ya jana, tutakuwa tumemmalizia."

Vodka mnayoijua! Nani anaijua? Aliyekuwa anazijua alikuwa amelala mle ndani anapapasa shuka.

Mdogo wangu alinirudisha nyumbani mbio. Nikafungua friza. Chupa zilikuwa mbili. Kimya, haijafunguliwa, imetoka duka kubwa la kuta za vioo, ina lebo ya dhahabu na kizibo cha kumeremeta. Na Maji ya Betri, nusu, kitako kina kinyota. Nilisimama na baridi ya friza usoni. Kimya ilionekana safi kama dawa. Lakini hata Bibi Harusi ilikuwa imeonekana safi.

"Wewe," nikamwambia mdogo wangu, "jana ulikunywa ipi?"

"Hii yangu. Hii tu."

"Simama pale mlangoni. Kalenda ukutani ina picha ya nini?"

"Ng'ombe, dada."

"Wangapi?"

"Dada, ng'ombe mmoja na ndama, twende!"

"Kichwa hakikuumi? Huoni moshi?"

"Naona wewe tu unavyonichelewesha."

Nikaibeba Maji ya Betri kifuani, imenilowesha gauni zima. Njiani niliendelea kumwangalia mdogo wangu anavyoendesha, kama anakwepa mashimo au anayapitia. Alikuwa anakwepa. Nilishukuru kila shimo.

Daktari aliipima, akaichanganya na maji ya matunda, akamshikia Fundi kikombe. Alinusa kabla ya kunywa, mazoea yake hayakuwa yamekufa.

"Maji ya Betri haya."

"Kunywa, shemeji," mdogo wangu alisema, na machozi yanamtoka. "Kunywa, ni vodka ya kweli."

"Leo nakubali," Fundi alijibu, akanywa. Mkono wake ulitafuta wangu, ukakosa, ukanipata kwenye kiwiko.

Hospitali kubwa walimsafisha damu, na uhai ukabaki. Macho, walisema, ni ya kusubiri. Anaona mwanga, anaona vivuli vya watu. Yanaweza kurudi taratibu, yanaweza yasirudi, na yanaweza hata kurudi nyuma. Tulitakiwa turudi kliniki, na kila siku nimuulize anaona nini.

Duka la kona lilifungwa kabla hata hatujarudi nyumbani, mwenye duka hajulikani alipo. Friza langu sasa lina nyama na maharage tu. Jumamosi mdogo wangu bado anakuja. Wanakunywa chai, wanabishana kuhusu chai, lakini bila moyo. Saa za wateja nimezirudisha kwa wenyewe, isipokuwa ya mwalimu. Mwalimu alisema ikae, Fundi ataitengeneza akipona.

Kila asubuhi ninamkalisha kwenye kiti chake karibu na kitanda na kumuuliza, "Fundi, unaona nini?" Mwanzo alijibu kwamba anaona moshi. Nilijibana nisilie. Baadaye moshi ukaanza kupungua. "Naona dirisha," alisema siku moja, na mimi nikaenda jikoni kucheka peke yangu. Kisha akaona pazia. Kisha akaona jagi jekundu la maji, ambalo hukaa dirishani siku zote. Nilimpigia simu mdogo wangu, akapiga kelele mpaka nikaiondoa simu sikioni. Moyo wangu ukaanza kukaa mahali pake. Niliipangusa meza yake ya kazi, nikaweka lenzi pale alipozoea kuiweka.

Leo asubuhi niliamka mapema nikalichukua lile jagi kulijaza maji. Nikarudi chumbani nimelikumbatia, nimesimama mbele yake, nikamuuliza kama kawaida.

"Fundi, unaona nini?"

Akageuza uso kuelekea dirishani, akatabasamu lile tabasamu lake la kunitania.

"Naona dirisha. Naona pazia lako bovu. Naona jagi jekundu, palepale dirishani. Na naona mwanamke aliyenuna."

Sikuwa nimenuna. Nilikuwa nimefumba mdomo kwa mkono mmoja, na jagi nimelibana kwa mwingine ili maji yasicheze yakasikika.

"Vizuri," nikamwambia nilipoweza kusema. "Leo umeona vizuri kuliko jana."

"Si nilikuambia usiogope?"

Nikapita nyuma ya kiti chake kwa vidole vya miguu, nikalirudisha jagi dirishani, pale anapoliona.