Chumba cha Akina Mama

Juzi Jumamosi makarani wa kuandikisha wapiga kura walipiga hema lao hapa Shirere, katika eneo la Lurambi, karibu na nyumba ninayopanga. Nilipita nikitoka kununua uzi, na kijana mmoja mwenye fulana ya manjano akaniita. Alitazama mashine yake akaona kwamba jina langu bado liko kijijini kwetu Chekalini, kule Lugari, ilhali naishi mjini tangu yeye hajazaliwa. Akanihurumia.

"Auntie, unajitesa bure," aliniambia. "Hamisha kura. Hapa Lurambi utapiga na urudi nyumbani kunywa chai."

Alisema kweli. Nikamwambia nitafikiria, nikaingia ndani, nikabandika maji ya ugali.

Rafiki yangu, ugali wa mtu mmoja ni kazi ngumu. Ukitia unga kidogo, mwiko unagonga sufuria na ugali unakataa kushikana. Ukitia mwingi, asubuhi unakula kiporo na jioni unakula kiporo cha kiporo. Nyumba hizi za kupanga zimejaa wanafunzi wa chuo. Muhula ukianza wanakuja na magodoro begani, wananisalimia kwa adabu, wananiletea suruali niwapunguzie miguu maana mimi ni fundi wa cherehani. Halafu wanamaliza masomo wanaondoka, na mimi naanza kusalimiana na wageni wengine. Siwalaumu, vijana wana safari zao. Lakini siku hiyo, nikisonga ugali wangu, nilihesabu kilichobaki changu kule nyumbani nikaona ni kile kimoja tu, kura. Shamba wajomba waliliuza. Makaburi yetu yako ndani ya mahindi ya mtu mwingine. Nikihamisha na kura, basi nimemaliza kuhama.

Kwa hiyo nilipanga kwenda kutazama kwanza. Nitakueleza nilichokikuta, lakini ngoja nikurudishe nyuma kidogo, la sivyo hutaelewa kwa nini mtu mzima alisimama akilia juu ya simiti.

Kwetu ni kwenye mashamba yaliyokuwa ya wazungu. Babu zetu walinunua vipande wakahamia na ng'ombe zao, na wakati wangu bado palikuwa na mikaratusi mirefu iliyopandwa na mwenye shamba wa zamani, na mahindi yaliyokwenda mpaka macho yachoke. Nililelewa na kukhu, ndivyo tunavyomwita nyanya. Asubuhi niliamshwa na mlio wa kinu cha kusagia kule senta, penye maduka, tu-tu-tu-tu, na harufu ya moshi wa magunzi. Chai ilikuwa ya maziwa mengi, na viazi vitamu vilivyochomwa kwenye majivu moto. Jumapili akitokea mgeni, kuku alikuwa hatarini. Kukhu alipika ingokho, kuku wa kienyeji, polepole siku nzima, na sisi watoto tulipewa miguu na shingo, tukashukuru kana kwamba tumepewa ng'ombe mzima.

Msimu wa mavuno kazi yangu ilikuwa kugeuza mahindi. Unavua viatu, kama unavyo, unaingia kwenye mahindi yaliyoanikwa, unaburuta miguu kwa mistari kama mtu anayelima. Punje za juu ni za moto, za chini ni baridi, zinakufinya katikati ya vidole. Mpaka leo nikipita mahali palipoanikwa mahindi kando ya barabara, nyayo zangu zinawasha.

Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, akiwa njiani kwenda kujifungua. Hospitali ilikuwa mbali. Walimpakia kwenye tela la trekta la jirani, mvua ikanyesha, trekta likakwama kwenye matope kabla ya kufika barabara kubwa. Hakurudi, na mtoto hakurudi. Uso wake siukumbuki vizuri, na hilo linaniuma kuliko yote. Ninachokumbuka ni harufu ya dizeli.

Baada ya hapo ndipo ukaja mwaka wa uchaguzi, na mgombea mmoja, ambaye alitaka tumwite mheshimiwa hata kabla hajashinda, akaja kutufanyia harambee ya zahanati. Watu walifurahi sana. Wanaume walibeba mawe, akina mama walichota maji mtoni, na kukhu alitoa jogoo wake mwekundu apigwe mnada. Jogoo alinunuliwa na mheshimiwa mwenyewe, watu wakapiga makofi, akapakiwa kwenye gari akiwa amefungwa miguu. Wiki iliyofuata sakafu ikamwagwa. Simiti ikiwa bado mbichi, fundi alichora kwa chuma mistari ya mahali kuta zingesimama, akaacha nafasi za milango.

Ilipokauka, mwalimu wetu wa shule ya msingi, aliyekuwa ameiona ramani, alitutembeza juu yake. Hapa ni pa kungojea, alisema. Hapa kwa daktari, hapa kwa dawa. Na ile pembe ya upande wa macheo ni chumba cha akina mama kujifungulia. Kukhu alipofika kwenye pembe ile alivua viatu. Alisimama pale muda mrefu na hakuna aliyemharakisha, maana wote walijua alichokuwa akikifikiria.

Uchaguzi ukapita. Mheshimiwa akashinda kwa kishindo. Lori la matofali tulilingoja mpaka tukaacha kulizungumzia. Kukhu alisema tu kwamba paa letu lilikwenda na yule jogoo.

Lakini hakuiacha ile sakafu. Kila Jumamosi alikwenda na ufagio wa matawi, nami nikibeba ndoo, akaifagia yote kama nyumba ya mtu. Na alikuwa na sheria moja iliyowachekesha majirani: uliingia kwa mlango. Mlango wenyewe haukuwepo, kulikuwa na nafasi kati ya mistari miwili, lakini ukikatiza kwenye ukuta alikuita urudi uzunguke. Mwanzoni watu walimtania. Jirani yetu mmoja, mzee mcheshi, alikuwa akifika pale anabisha hodi hewani, na kukhu anamjibu "karibu" bila kutabasamu. Baada ya muda hata yeye aliacha mzaha, akawa anazunguka tu kama wengine. Sisi watoto tulicheza daktari na wagonjwa pale, tukipanga foleni kwenye chumba cha kungojea, na ole wako upite ukutani.

Mavuno yalipokuja watu wakaitamani ile sakafu. Mahali pazuri pa kuanika hapakuwa pengine, maana juu ya ardhi mahindi yanavuta unyevu na kuku wanachokora. Walimjia kukhu kwa heshima, ingawa sakafu haikuwa yake. Nilikuwa nimekaa karibu naye nikichambua mboga.

"Anikeni," aliwaambia. "Kwa daktari, kwa dawa, anikeni tu. Lakini chumba ya wamama muiache vile iko."

Basi ikawa hivyo. Msimu kwa msimu zahanati yetu ilijaa mahindi vyumba vyote, na ile pembe ya macheo ikabaki wazi, imefagiwa. Mvua ya alasiri ikitisha, watu walikimbia kutoka kila upande kukusanya, hata waliokosana, mmoja anashika turubai ya mwenzake. Hakuna aliyerusha gunia lake kwenye ile pembe, hata akilowa. Sidhani niliwahi kuona sheria ya nchi ikiheshimiwa namna ile.

Waheshimiwa waliendelea kuja kila uchaguzi ulipokaribia. Sakafu ilikuwa jukwaa zuri. Nakumbuka mmoja, mnene, mwenye kofia nzuri, aliyepanda moja kwa moja kwenye ile pembe akainua kipaza sauti. Kukhu alinyanyuka katikati ya watu, na wakati huo alikuwa tayari anatembea na fimbo.

"Mheshimiwa," alisema, "hapo ni kwa wamama. Kuja uongelee huku kwa dawa."

Watu walicheka, na yeye akacheka, akasogea. Aliahidi kuta kabla ya Krismasi. Krismasi hiyo tulikula vizuri tu, lakini bila kuta.

Utaniuliza kwa nini mtu aliyedanganywa mara zote hizo aliendelea kupanga foleni. Nami nilimuuliza, nilipokuwa msichana mkubwa mwenye hasira na mambo mengi niliyosikia redioni. Siku ya kura kukhu alivaa kitambaa chake cha kichwa cha kanisani, akafika mapema kabla ya vijana, akarudi ameinua kidole chenye wino kana kwamba kina jeraha. Nilimwambia anajisumbua, wote ni wale wale. Hakunikaripia. Aliketi, akanyoosha miguu, akasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo.

"Mimi sipigiangi mtu. Napigia ile chumba."

Alifariki bila kuona ukuta hata mmoja. Mwalimu alihamishwa, mzee mcheshi akamfuata kukhu, binamu zangu wakatawanyika Nairobi na Uarabuni, na mimi nikaja mjini na cherehani. Sitaki kusema hakuna kilichofanyika katika nchi hii, nitakuwa mwongo. Taa za stima zimefika mpaka kwa watu ambao zamani hatukuwahi kuwafikiria. Barabara iliyomkwamisha mama yangu ina lami, nami kila nikiipita naishukuru na kuichukia kwa pamoja. Kuna viongozi waliojaribu. Lakini bado nawangoja wale watakaorudi baada ya kura kuhesabiwa, waingie kwa mlango, waulize chumba hiki ni cha nani. Sidhani ni mengi ninayoomba. Na mtu anapongoja jambo kama hilo akiwa peke yake, bila mtu wa kumwambia "unakumbuka?", huanza kujiona mjinga.

Kwa hiyo nilikwenda. Nilishuka senta nikatembea. Mikaratusi ilikuwa imekatwa yote, na anga ilionekana kubwa mno. Mahali palipokuwa na jiko la kukhu palikuwa na mabua makavu ya mtu nisiyemjua. Nilitembea taratibu nikingoja mtu aniite kwa jina la utotoni, na watu wakanipita wakinisalimia kama mgeni, kwa heshima zote.

Sakafu ilikuwepo. Ilikuwa na nyufa, na mistari ya fundi imefifia, lakini ilikuwepo, na ilikuwa imejaa mahindi. Mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni alikuwa akigeuza kwa miguu, kwa mistari, vile vile. Nikatazama upande wa macheo. Pembe ilikuwa wazi. Ilikuwa imefagiwa.

Nilimsalimu, nikamuuliza kwa nini pale hajaanika, na mahindi yamerundikana huku.

"Pale hatuanikangi, mama," alisema.

Nikamuuliza kwa nini. Aliinua mabega.

"Sijui. Nilipoolewa hapa nilikuta ni hivyo. Hata mama mkwe alikuta ni hivyo."

Ndipo nilipolia. Alishtuka, maskini, akadhani nimepata habari mbaya. Sikuweza kumweleza upesi, na hata muda haukuwepo, maana radi ilinguruma na matone ya kwanza yakaanza kugonga mabati ya nyumba za jirani. Nilivua viatu. Tulikusanya pamoja, yeye na mtoto wake na mimi, na watu wengine wawili watatu waliotokea mbio, tukivuta turubai na kujaza magunia huku tukilowa. Na yule mwanamke, mvua ikimchapa, mtoto analia mgongoni, gunia kichwani, hakukatiza njia ya karibu. Alizunguka, akatokea mahali palipokuwa na mlango. Nikamfuata.

Tulijikinga chini ya paa la duka. Hapo ndipo aliponiuliza zamani palikuwa na nini pale. Nilimwambia hapakuwa na kitu, ila ile pembe ni chumba cha akina mama cha kujifungulia, na ni chake kama kilivyo cha mtu mwingine yeyote. Nikamweleza habari za kukhu, na za mama yangu. Alimtoa mtoto mgongoni, akampakata, akasikiliza mpaka mwisho. Akasema mtoto huyo alikwenda kumzaa hospitalini kule Turbo, kwa pikipiki ya kuazima kwa jirani, na njia nzima alikuwa anaomba.

Leo asubuhi nimepita tena kwenye hema. Kijana wa fulana ya manjano amenikumbuka, akavuta mashine yake karibu, tayari kunihamisha. Nimemwambia aache, kura yangu ibaki huko huko. Ameshangaa, akaniuliza huko bado niko na nani.

Nimemwambia sina mtu, niko na chumba.

Amedhani nimejenga. Akasema ni vizuri mtu kuwa na kwao, akamwita aliyefuata.