Pima Niliyompa Afisa wa Trafiki

Siku hizi nikifika steji yetu ya boda hapa Mogogosiek, watu wanaziba pua, na sina wa kulaumu ila masikio yangu.

Wiki jana mwenzetu alikunywa pombe ya busaa akamwangusha abiria wake, mama mmoja aliyetoka kupeleka majani chai. Mguu ulivunjika, na mpaka leo watu wanabishana nani atalipa hospitali. Ndipo mwenyekiti wetu akanipigia simu: "Kesho afisa wa trafiki anakuja. Kila mtu akuje na pima. Ukikosa, pikipiki inalala stesheni."

Mwenyekiti ni Mkipsigis kama mimi, na kwetu b na p hulala kitanda kimoja. Mimi nilisikia kupimwa tu. Nikajua ni mambo ya pombe, na hapo nani angenishinda mimi mlokole?

Asubuhi nikaosha chupa ya asali, nikaingia nayo chooni, nikafunga kifuniko vizuri. Kwenye steji nilikuta wenzangu wameshika karatasi. Niliwahurumia sana. Nikapita hadi mbele ya foleni, helmeti kichwani, koti la reflekta limefungwa hadi shingoni.

"Yako iko wapi?" afisa akauliza.

"Hii hapa, madam. Bado iko moto."

Akaipokea, akaiinua kwenye jua.

"Bwana, mimi nilitaka bima," akasema polepole. "Sasa hii ndiyo itamlipia abiria wako akivunjika mguu?"