Vifurushi Elfu Saba Kichwani mwa Mzee Wasaya

Saa mbili asubuhi, makarani bado wako kwenye chai, mzee Allah Wasaya yuko juu ya ngazi, mguu mmoja hewani, anavuta kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa chekundu. Anakinusa. Analipapasa fundo lake.

"Kijiji cha Basti Kalanja, mwaka waliogombania mfereji," anasema, na binti aliye chini anaandika.

Binti huyo ni Nayab, mchapaji wa kompyuta katika ofisi ya ardhi ya Kot Sharifan, kusini mwa Punjabi. Mzee anayemtajia hajui kusoma hata herufi moja. Kwa miaka thelathini na minne kazi yake imekuwa kubeba vifurushi vya hati: kuvishusha, kuvipangusa, kuvitia majani ya mwarobaini wadudu wasivile, kuvirudisha. Mshahara wa rupia 38,000 kwa mwezi umemlelea mabinti wanne hadi wote wakaolewa.

Taabu ilianza mwaka wa mafuriko. Paa lilivuja, wino wa namba ukachuruzika, daftari la orodha likawa uji. Vifurushi vikaanikwa uani juu ya vitanda vya kamba, na kila kilichokauka kikapachikwa popote palipo na nafasi. Aliyevipachika ni Wasaya. Tangu hapo hakuna aliyejisumbua kuandika orodha nyingine. Ya nini, na Wasaya yupo? Uvivu mtamu, jamani.

Februari mwaka huu homa ikamlaza siku kumi na moja. Siku hizo hizo akaja Zohran Mai, mjane wa makamo, ambaye kaka zake walikuwa wanaapa kwamba baba yao hakumwachia hata shubiri ya ardhi. Hakimu alimpa wiki mbili alete hati. Mara tatu makarani walimrudisha nyumbani, wakimwambia haipo.

Wasaya aliporudi kazini alimkuta amekaa kizingitini. Akamwuliza kijiji chake, akapanda, akashuka na hati, na chai yake ilikuwa bado ya moto. Mama yule hakuwa na hata picha ya marehemu baba yake. Alipoiona alama ya dole gumba la baba chini ya hati, aliiwekea kiganja na kulia taratibu.

Kisha akamwuliza, "Kaka yangu, na kama homa ile ingekuua?"

Wasaya anakiri kwamba swali hilo lilimtesa kuliko homa yenyewe. Juni thelathini anastaafu. Siku iliyofuata swali lile alimfuata Nayab, akamwomba waandike vyote, kimoja kimoja. Karani mmoja akamtania kwamba mzee anaandika wosia wa mali ya serikali. Wasaya akamjibu kuwa ndivyo, na karani huyo hamo kwenye urithi.

Nayab, aliyesomea Kiingereza chuoni, ndiye aliyemweleza habari ya neno lililochorwa kwenye mlango wa ofisi yao, rekodi. Wazungu walilitoa kwenye Kilatini, na ndani yake mna moyo: kulirudisha jambo moyoni. Zamani lilikuwa na maana ya kujifunza kitu kwa kukikariri. Baadaye ndipo likahamia kwenye karatasi, kwenye santuri, hata kwa mkimbiaji anayewashinda wote.

Mzee alicheka hadi akakohoa. "Kumbe wenyewe walianza kama mimi, ndipo wakazidiwa," alisema.

Lakini anajua na yeye amezidiwa. Siku hizi kuna asubuhi analishika fundo na jina la kijiji haliji. Nayab hamharakishi. Humwachia kifurushi mapajani, akamsubiri, na mara nyingi jina hurudi.

Hadi wiki iliyopita walikuwa wamefika 4,300 kati ya kama elfu saba. Muda unawabana, hata Jumapili wanakuja.

Mipango yake baada ya kustaafu? Wa kwanza ameshaupanga. Julai mosi atavaa kanzu safi, ajaze fomu kwa mkono wa mwandishi wa barazani, aombe hati ya kijiji chake mwenyewe, kisha akae nje kwenye benchi na watu wengine.

"Wakinipa hati, nakwenda zangu nyumbani nikalale," anasema. "Ila wakitoka nje kuniita, 'Baba mdogo, hebu njoo utuonyeshe,' hapo nitajua nimewaacha watu wangu yatima."

Anashuka ngazi, anaisogeza hatua moja, anapanda tena.